Dondoo Muhimu: Kusimulia Historia ya Uchagani kwa Wasioona

Usimulizi wa maelezo, yaani ule unaoyatia katika maneno mambo ambayo wengine huyaona kwa macho, humtaka msimulizi wa Tarakea, wilayani Rombo, aanze kwa kutaja mwelekeo: Mlima Kilimanjaro uko magharibi, na kusini iko Keni, alikotawala Mangi Horombo mwanzoni mwa karne ya 19, mangi kikiwa cheo cha mtawala wa Kichaga.

Haitoshi kusema kwamba ngome ya mawe ya Horombo ilikuwa kubwa; msikilizaji apewe jiwe la mlimani alipime uzito, aelezwe jinsi mawe yalivyopangwa, kisha aachwe aulize. Jani la sale, mmea ambao Wachaga huutumia kuweka mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya familia, na kuomba msamaha, lipapaswe taratibu kuanzia shinani hadi kwenye ncha yake, huku matumizi yake yakisimuliwa. Rangi nazo zitajwe, kwa kuwa wengi wasioona waliwahi kuona.

Habari ya Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani huko Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, isimuliwe kwa sauti tulivu, bila vilio vya kuigiza, kwani msiba huo unastahili heshima na ukweli wake unatosha.

Zaidi ya yote, wazee wasioona wa Rombo waalikwe kuwa wasimulizi, wala wasikalishwe kama wasikilizaji tu.