Miguu Isiyotulia Usiku

Wapo wenzetu ambao wakilala tu miguu huanza kuwasumbua. Si maumivu hasa, wala si kukaza kwa misuli. Wengine husema ni kama wadudu watambaao ndani ya mifupa, na hawapati nafuu mpaka wainuke watembee. Wakilala tena, hali hurudi. Karibu na alfajiri hupungua. Mtu wa namna hiyo akisinzia kanisani huitwa mvivu, na nyumbani huambiwa kwamba amerogwa. Sivyo. Huu ni ugonjwa wa mwili. Daktari Thomas Willis wa Uingereza aliuandika mwaka 1672 (ndiye yule aliyefungua nyumba yake mjini Oxford kwa ibada za Kianglikana wakati Kitabu cha Sala kilipopigwa marufuku), na mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliueleza kwa ukamilifu.

Huweza kurithiwa. Huwapata pia wagonjwa wa figo, na akina mama wajawazito katika miezi ya mwisho, ambao wengi wao hupona baada ya kujifungua. Lakini sababu tunayotaka ikumbukwe ni upungufu wa madini ya chuma, nao huletwa na hedhi nyingi, uzazi wa mfululizo au minyoo ya safura. Hapa wengi hukosea: hupimwa wingi wa damu, wakaambiwa inatosha, wakarudi nyumbani. Damu yaweza kutosha na akiba ya chuma ikawa ndogo. Kipimo cha akiba hiyo huitwa feritini. Mwulizeni daktari kama chaweza kufanyika. Vidonge vya chuma msijinunulie ovyo, maana chuma kikizidi hudhuru. Mkiandikiwa, msivimeze pamoja na chai wala maziwa.

Ziko pia dawa ziongezazo tabu. Piriton, ambayo wengine humeza ili wapate usingizi, ni mojawapo. Nyingine ni metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na baadhi ya dawa za sonona. Hizo za daktari msiziache wenyewe, ila mwelezeni yanayowapata usiku.

Wakati wa kungoja matibabu, acheni kahawa na pombe jioni, tembeeni kidogo kabla ya kulala, kandeni miguu kwa maji ya moto. Na wazee wa kanisa wamwachie mwenye tabu hii kiti cha pembeni, aweze kusimama nyuma mahubiri yakirefuka.