Kiongozi Kijana na Okestra Ndogo

Katika chama chetu cha muziki huulizwa mara kwa mara: yule mtu asimamaye mbele ya okestra akipunga kijiti, wala hapigi chombo chochote, kazi yake ni nini? Na akiwa kijana, wapigaji wenye mvi humtii kwa sababu gani?

Swali la pili ndilo gumu. Mwaka 2009 okestra ndogo ya Scotland, Scottish Chamber Orchestra, ilimpata kiongozi mkuu mpya, Robin Ticciati, mwenye umri wa miaka 26. Okestra yenyewe iliundwa mwaka 1974, yaani ilikuwa ikifanya kazi kabla yeye hajazaliwa. Kijana wa namna hiyo hawezi kuwatisha watu kwa ukali.

Mimi naona jibu liko kwa Joseph Haydn, mmoja wa mafundi wakubwa wa simfoni. Mwezi wa Mei 1761, akiwa na miaka 29, aliandikwa kazi kwa Prinsi Esterházy, tajiri mwenye jumba lake Eisenstadt, nchi ya Austria. Hakupewa cheo kamili. Juu yake alikuwako mzee Gregor Werner. Mkataba ulimtaka avae sare na soksi nyeupe, na kila siku aje kungoja amri. Wapigaji walikuwa kama 15 tu, na baadhi yao mafundi hodari.

Basi akafanyaje? Mwaka ule ule aliandika simfoni tatu, Asubuhi, Adhuhuri na Jioni, na ndani yake akawapa wapigaji zamu ya kusikika peke yao. Filimbi ina zamu yake. Fidla, ile ile tuijuayo katika taarabu, ina yake. Hata fidla kubwa kuliko zote, ambayo kazi yake ya kawaida ni kunguruma chini ya wenzake, imepewa wimbo wake. Naye hakushika kijiti. Aliongoza akiwa kati yao, akipiga fidla au kinanda.

Okestra ndogo haina pa kujificha. Fidla 30 zikipiga pamoja, mmoja akiteleza hajulikani. Zikiwa nne, hata mgeni anayesinzia atageuza shingo.

Mwaka 1772 Prinsi Nikolaus alikawia mno katika jumba lake la shamba, Eszterháza, na wapigaji wengi walikuwa mbali na wake zao. Husimuliwa kwamba walimwendea Haydn. Naye hakuandika barua, aliandika simfoni. Mwishoni mwake mpigaji mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa, anaondoka. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka zinabaki fidla mbili zikipiga polepole karibu na giza. Kesho yake, husimuliwa, Prinsi akaamuru mizigo ifungwe.