Kabla ya Kushika Usukani: Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Nadharia na Kupata Leseni

Anayetafuta leseni ya udereva Tanzania hupita katika mikono mitatu: chuo cha udereva kinachomfundisha, Polisi wa Kikosi cha Usalama Barabarani wanaompima, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inayompa kadi. Wanafunzi wengi huweka nguvu zao zote kwenye klachi na gia. Nadharia huachwa mpaka siku mbili za mwisho, ikakaririwa usiku mmoja na kusahaulika wiki inayofuata.

Makala haya yanapitia hatua zote, lakini yatakaa zaidi kwenye nadharia. Kila kanuni unayoulizwa na mtahini ina sababu yake barabarani. Ukiijua sababu, swali likigeuzwa vipi utalijibu, na siku jambo lenyewe likikutokea ukiwa na watoto kwenye kiti cha nyuma utajua la kufanya.

Anza kwa kujua daraja unalolitaka

Leseni ya Tanzania ina madaraja, na kila daraja lina chombo chake. Pikipiki isiyozidi cc 125 iko kwenye A1. Ikizidi hapo ni daraja A. Vijana wengi wa bodaboda hupita hapa bila kujua: pikipiki ya cc 150, ambayo ndiyo imejaa vijiweni, inadai A, na mwenye A1 akikamatwa nayo ni kama hana leseni ya chombo hicho. Bajaji ina daraja lake, A2.

Daraja B ni la gari dogo la binafsi. Ukitaka kuendesha gari la biashara lisilo la abiria wala zito, unahitaji D. Malori mazito ni E. Magari ya abiria ni familia ya C: kuanzia C3 kwa gari la abiria wachache kabisa, C2 kwa wasiozidi 15, C1 kwa wasiozidi 30, hadi C yenyewe kwa mabasi makubwa. Huku juu hupandi moja kwa moja: hudaiwa uzoefu, na cheti cha mafunzo ya magari ya abiria kutoka chuo kinachotambuliwa, kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) au VETA.

Mwambie mwalimu wako daraja unalolenga siku ya kwanza unapojiandikisha. Mafunzo na mtihani wa B havikupi haki ya kuendesha pikipiki ya mjomba.

Hatua, moja baada ya nyingine

1. Jiandikishe chuo cha udereva kilichosajiliwa. Omba kuona usajili wake kabla ya kulipa ada.

2. Pata namba ya mlipakodi, TIN. Hutolewa bure na TRA, na utahitaji namba yako ya NIDA. Kama huna biashara, omba TIN isiyo ya biashara, usije ukatakiwa kuwasilisha hesabu za duka usilonalo.

3. Pata leseni ya kujifunzia, ambayo ndiyo daraja H. Ukiwa nayo huruhusiwi kuendesha peke yako. Lazima uwe na mkufunzi pembeni, na gari libandikwe herufi L nyekundu mbele na nyuma.

4. Soma nadharia na fanya mazoezi ya vitendo kwa pamoja. Pima macho mapema pia. Kama unahitaji miwani, ni heri uijue sasa kuliko ukiwa kwenye gari la mtihani.

5. Fanya mtihani wa polisi. Ukifaulu utapewa hati ya kufaulu.

6. Peleka maombi TRA, lipa ada, upigwe picha, uchukuliwe alama za vidole na saini. Tangu mwaka 2019 leseni hudumu miaka 5 badala ya 3, na wakati huo ada ilipanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Uliza kiwango kinachotumika siku unayokwenda, maana ada hubadilika na bajeti.

Alama husomwa kwa umbo kabla ya mchoro

Vitabu vya alama vina kurasa nyingi, na mwanafunzi anayejaribu kukariri picha moja moja huchoka njiani. Anza na umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya: mbele kuna kona kali, watoto wa shule, reli, mlima. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza au kukuwekea kikomo. Duara la bluu linakuamuru kufanya jambo, kwa mfano kupita upande fulani. Mstatili unakupa taarifa au kukuelekeza.

Alama mbili zimepewa maumbo ya pekee. Ya kusimama ina pembe nane, na ya kutoa nafasi kwa wengine ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini. Dereva huzitambua hata zikiwa na vumbi, zimepauka, au akiziona kwa nyuma. Kwa hiyo mtahini akikuonyesha alama usiyowahi kuiona, usinyamaze. Anza na umbo: "Hii ni alama ya onyo." Kisha tazama mchoro ndani yake. Mara nyingi jibu litajileta lenyewe.

Tofautisha pia kusimama na kutoa nafasi, maana hapa wengi huanguka. Kwenye alama ya pembe nane unasimamisha magurudumu kabisa, hata kama barabara ni nyeupe pande zote. Kwenye pembetatu iliyopinduliwa unapunguza mwendo, na unasimama tu kama kuna anayepita.

Nani anatii nini

Maswali ya nadharia hupenda kugonganisha amri mbili. Mtahini anaweza kuuliza:

"Kijana, umefika kwenye taa, ni nyekundu. Askari aliyesimama katikati anakuita kwa mkono upite. Unafanyaje?"

"Nitapita, afande, kwa uangalifu. Ishara ya askari ina nguvu kuliko taa."

Jibu hilo ni sahihi, na mpangilio wake wote ni rahisi: askari huzidi taa, taa huzidi alama za vibao na mistari, na alama huzidi kanuni za jumla. Askari ndiye anayeona hali ya sasa: gari la wagonjwa linalokuja, ajali iliyoziba njia, foleni iliyokwama. Taa haioni. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye filimbi anaweza kuifuta taa nzima.

Kipilefti bila hofu

Tunaendesha kushoto, hivyo kwenye kipilefti magari huzunguka kwa kufuata mshale wa saa. Aliyekwisha kuingia ana haki ya kwanza, na kwako wewe unayesubiri kuingia atatokea kulia. Sababu yake inaonekana ukifikiri kinyume: kama anayeingia angekuwa na haki, walio ndani wangesimama, kipilefti kingejaa, na hakuna ambaye angetoka.

Kwenye kipilefti cha njia mbili, fuata hivi. Unakwenda kushoto: kaa njia ya kushoto, washa indiketa ya kushoto tangu mapema. Unanyoosha: kaa njia ya kushoto, ingia bila indiketa, kisha washa ya kushoto ukishaipita njia iliyo kabla ya yako. Unakwenda kulia au unageuka kurudi: kaa njia ya kulia, washa indiketa ya kulia, zunguka, na badilisha kuwa ya kushoto ukishaipita njia iliyo kabla ya unayotokea. Kabla ya kutoka tazama kioo cha kushoto na ugeuze shingo. Bodaboda hupenda kukaa pale ambapo kioo hakimuoni.

Mistari na kulipita gari jingine

Mstari uliokatika unakuruhusu kuvuka kama mbele ni salama. Mstari usiokatika unakuzuia. Ikiwa iko miwili sambamba, mmoja umekatika na mwingine haukukatika, unatii ule ulio upande wako. Wachoraji wa barabara huweka mstari usiokatika mahali ambapo dereva haoni mbali vya kutosha: kwenye kona, karibu na kilele cha mlima, karibu na kivuko. Ukiuheshimu, unaheshimu kitu ambacho macho yako hayawezi kukiona kutoka hapo ulipo.

Kwenye kivuko cha pundamilia, mtembea kwa miguu ana haki. Gari lililo mbele yako likisimama kwenye pundamilia, usilipite. Huenda limesimama kwa ajili ya mtoto ambaye wewe humuoni kwa sababu gari lenyewe limemziba.

Mwendo na umbali: fanya hesabu mwenyewe

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari mazito nje ya makazi. Namba hizi utaulizwa. Zielewe kwa hesabu ndogo.

Ukiwa kwenye mwendo wa 50, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Binadamu anahitaji takriban sekunde moja kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Maana yake unapomuona mtoto akikimbilia mpira, umeshakwenda mita 14 kabla breki haijaguswa. Kwenye mwendo wa 80 ni mita 22. Hapo bado hujahesabu umbali wa breki zenyewe, ambao hukua kwa kasi kuliko mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mara nne.

Ndiyo sababu ya kanuni ya sekunde mbili. Gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu taratibu: "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukifika kwenye nguzo ile kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi nne.

Kushuka mlima

Swali lingine la kawaida ni namna ya kushuka mteremko mrefu. Chukua Mlima Kitonga, Iringa, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Dereva anayeshuka pale akitegemea breki peke yake huzichosha: hupata moto, na zikipata moto hupungua nguvu ya kukamata. Kwa lori la breki za upepo, kukanyaga mfululizo pia humaliza upepo kwenye mitungi. Jibu ni kupunguza gia kabla ya kuanza kushuka, injini ilizuie gari, na breki isaidie pale inapohitajika. Kushuka kwa nyutro ili kubana mafuta ni hatari, kwa sababu injini imekatwa na magurudumu na haikusaidii chochote.

Barabara hizo hizo zitakufundisha ishara isiyokuwa kwenye vitabu. Ukikuta matawi ya majani yamelazwa barabarani, moja baada ya jingine, punguza mwendo: mbele kuna gari limeharibika. Wewe likikuharibikia, weka pembetatu za kuakisi kama inavyotakiwa, tena mbali na gari, ili anayekuja apate nafasi ya kusimama. Na usiache kubeba mtungi wa kuzimia moto.

Namna ya kusoma

Soma kidogo kila siku. Gawa alama kwa makundi yake, na kila kundi likusanyie mifano kutoka barabara unayoijua. Ukipanda daladala, omba kiti cha mbele, taja kimoyomoyo kila alama unayoiona, na jiulize dereva anapaswa kufanya nini. Mwombe ndugu akuulize maswali bila mpangilio. Ukijibu, jiongezee swali la pili: kwa nini? Kanuni ambayo hujui sababu yake iandike pembeni, umuulize mwalimu kesho yake.

Siku ya mtihani fika mapema ukiwa na kitambulisho na leseni ya kujifunzia. Lisikilize swali hadi mwisho. Kama hujalielewa, omba lirudiwe. Kwenye vitendo, anza kwa kulikagua gari: matairi, maji, oili, taa, wipa. Ukiingia ndani, rekebisha kiti na vioo, funga mkanda, hakikisha breki ya mkono na gia viko mahali pake, ndipo uwashe.

Kaa mbali na vishoka

Nje ya ofisi nyingi utakutana na mtu anayekuahidi leseni bila chuo na bila mtihani. Malipo halali ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwenye simu, na risiti unabaki nayo wewe. Fedha mkononi mwa mtu wa pembeni haina pa kudaiwa. Kibaya zaidi, anayekuuzia leseni amekunyima mafunzo, na mteremko wa Kitonga hautajali kadi uliyonayo mfukoni.

Ukishaipata

Siku ya kupokea kadi, hakiki jina, tarehe ya kuzaliwa na daraja kabla ya kuondoka dirishani. Kwa miezi ya kwanza, tafuta dereva mzoefu akae nawe kwenye safari ndefu na za usiku. Andika tarehe ya kuisha kwenye simu yako, na anza kuihuisha mwezi mmoja kabla. Kuendesha na leseni iliyokwisha ni kosa, na bima nyingi hudai dereva awe na leseni hai ya daraja la gari alilokuwa akiendesha. Ajali ikitokea leseni yako ikiwa imekwisha, gharama zinaweza kukuangukia mwenyewe.