GAIDI, MPIGANAJI AU SHAHIDI? LUGHA YA HABARI ZA KASHMIR

Makala haya yametokana na kosa nililolifanya mwenyewe, tena gwarideni, mbele ya shule nzima.

Mnajua kwamba sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hupokezana zamu ya kusoma habari. Zamu yangu iliangukia mwezi wa Mei 2025, siku chache baada ya India na Pakistan kusimamisha mapigano tarehe 10. Nilichukua gazeti la Kiingereza maktabani, nikatafsiri harakaharaka nikiwa ndani ya matatu, kisha asubuhi nikasimama kifua mbele nikasoma: "Jeshi la India limewaua magaidi zaidi ya 100." Nilipigiwa makofi. Nikajiona mtangazaji kamili.

Wakati wa chai, mwenzangu mmoja wa darasani alinijia. Kwao ni mtaa ambao neno gaidi husikika kila msako unapofanywa, na kaka yake amewahi kuitwa hivyo na watu wasiomjua hata jina. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe umejuaje ni magaidi? Ulikuwako?" Nilicheka, lakini swali lilinikwama kama mwiba wa samaki kooni. Nikarudi maktabani kulitazama lile gazeti. Lo! Lilikuwa limeandika kwamba India inasema imewaua wapiganaji zaidi ya 100. Neno "inasema" nilikuwa nimelimeza, na wapiganaji nikawageuza magaidi. Isitoshe, aya ya chini kabisa ilieleza kuwa Pakistan nayo ilisema mashambulizi ya India yaliwaua raia wake 31. Aya hiyo sikuifikia kabisa, maana matatu ilikuwa imefika kituoni.

Hebu basi tuanze mwanzo. Waingereza walipoondoka Bara Hindi Agosti 1947 waliacha nchi mbili, India na Pakistan. Kashmir ilikuwa na mtawala wa dini ya Kihindu, Maharaja Hari Singh, ilhali raia wake wengi walikuwa Waislamu. Alisitasita asijue aende wapi. Oktoba mwaka huo wapiganaji wa kikabila kutoka upande wa Pakistan waliingia kwa malori. Tarehe 26 Maharaja akatia saini kujiunga na India ili apate msaada, na kesho yake askari wa India wakatua kwa ndege mjini Srinagar. Vita vilisimamishwa tarehe 1 Januari 1949. Umoja wa Mataifa ulikuwa umependekeza mwaka 1948 kwamba wananchi wapige kura waamue wenyewe, na kura hiyo haijapigwa hadi leo. Nchi hizo mbili zilipigania Kashmir tena mwaka 1965 na 1999. Kila mmoja ameshika sehemu yake, na kati yao upo mpaka wa muda uitwao Mstari wa Udhibiti. Uchina nayo imekalia kipande cha mashariki.

Sasa itazame siku moja tu, tarehe 27 Oktoba. Jeshi la India huiadhimisha kama siku ya askari wake wa miguu, kwa kuwa ndiyo siku walipotua Srinagar. Pakistan huiita Siku Nyeusi, siku ya maombolezo. Ndege ni zile zile na askari ni wale wale! Mwandishi akisema "walikuja kuokoa" au "walikuja kuvamia", amekwisha kukuambia anasimama wapi, na habari yenyewe hajaianza.

Hata majina ya mahali hayako salama. Sehemu iliyo chini ya Pakistan, ambayo mji wake mkuu ni Muzaffarabad, Wapakistani huiita Azad Kashmir, yaani Kashmir Huru. Magazeti ya India huiita Kashmir Inayokaliwa na Pakistan. Ukivuka mstari mambo hugeuka: ile ya India ndiyo ambayo magazeti ya Pakistan huiita "inayokaliwa". Mashirika makubwa ya habari ya ng'ambo hujaribu kukaa katikati kwa kusema "Kashmir inayosimamiwa na India" na "inayosimamiwa na Pakistan". Magazeti yetu ya Kenya hununua habari nyingi za huko kutoka kwa mashirika kama Reuters na AFP, kwa hiyo maneno hayo hutufikia yakiwa yamekwisha kupikwa.

Ramani nazo zina kesi. Nchini India, ramani isiyoonyesha Kashmir yote kuwa ya India ni kosa la kisheria. Mwaka 2011 jarida la The Economist liliuzwa huko likiwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa juu ya ramani, na mwaka 2015 runinga ya Al Jazeera ilifungiwa siku tano kwa sababu ya ramani. Pakistan, isije ikaachwa nyuma, ilitoa ramani yake Agosti 2020 ikijitwalia Kashmir yote. Nimetazama atlasi yetu ya darasani, naona mistari ya nukta nukta tu. Nilikuwa nikidhani ni wino uliokwisha.

Lakini neno lililonishangaza kuliko yote ni shahidi. Askari wa India akiuawa, magazeti ya Kihindi humwita shahidi. Askari wa Pakistan akiuawa, magazeti ya Kiurdu humwita shahidi. Neno ni moja, lilitoka Kiarabu, nasi tunalo papa hapa: tunasema Mashahidi wa Uganda, na tunasema shahidi wa kesi mahakamani. Yule wa pili, anayesimama akaeleza alichokiona, ndiye aliyekosekana katika habari nyingi za Kashmir.

Tuchukue mwaka 2019. Tarehe 5 Agosti serikali ya India iliifutia Kashmir hadhi yake maalumu ya kikatiba. Simu na intaneti zilikatwa, na waandishi wa Srinagar wakawa wanapanga foleni kutumia kompyuta chache zilizowekwa na serikali. Fikiria hilo, msomaji: habari ya kuilaumu serikali unaituma kwa mashine ya serikali! Tarehe 9 watu wengi waliandamana katika mtaa wa Soura. BBC na Al Jazeera walionyesha picha. Serikali ilikana, ikasema hakuna maandamano ya watu zaidi ya 20. Siku chache baadaye ikakiri kwamba Soura kulikuwa na urushaji wa mawe. Intaneti ya kasi haikurudi Kashmir nzima hadi Februari 2021.

Asidhani mtu kwamba naipigia debe Pakistan. Mei 2024 watu wa Azad Kashmir waliandamana kwa sababu ya bei ya unga na umeme (kumbe si sisi peke yetu!) na huko pia intaneti ikakatwa. Tena katika hiyo Kashmir inayoitwa huru, mtu hawezi kugombea kiti cha ubunge bila kuapa kwamba anakubali Kashmir iwe ya Pakistan. Anayetaka nchi isiyo ya India wala Pakistan hana mlango, na gazetini hupati habari zake kwa urahisi.

Katika vita vya Mei 2025 ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Runinga kadhaa za India zilitangaza usiku kwamba bandari ya Karachi, ambayo chai yetu ya Kenya hupitia, imeteketezwa. Kulipokucha bandari ilikuwa nzima. Upande wa Pakistan nao ulisambaza picha za mchezo wa kompyuta zikidaiwa kuwa za vita. Ati mchezo wa kompyuta, jamani!

Kuna wenzangu watakaosema, basi neno gaidi lifutwe kwenye kamusi. Mimi sikubali. Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye bunduki waliwaua watu 26 huko Pahalgam, karibu wote watalii wasio na silaha. Kitendo hicho nakiita ugaidi bila kumung'unya maneno, kwa sababu tunajua waliouawa ni akina nani na walikuwa wakifanya nini. Wale zaidi ya 100 niliowasoma gwarideni sikuwajua. Nilijua tu msemaji wa jeshi lililowaua amesema nini.

Nilipomsimulia babu jambo hili alinyamaza kidogo. Mwaka 1954, yeye akiwa mtoto wa miaka minane, babake alichukuliwa akapelekwa kizuizini. Serikali ya kikoloni na magazeti ya walowezi walimwita gaidi yeye na wenzake. Walowezi 32 waliuawa katika miaka ile ya hali ya hatari, na vifo vyao viliandikwa kwa majina na picha. Waafrika waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 11,000, nao waliandikwa kwa jumla jumla, kama magunia ya viazi. Marufuku juu ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003. Babake babu alikuwa amekwisha kufa, bado akiwa gaidi katika vitabu vya sheria.

Zamu yangu iliporudi niliomba ruhusa kwa mwalimu mlezi, nikaisoma ile habari upya: "Jeshi la India linasema limewaua wapiganaji zaidi ya 100 katika mashambulizi dhidi ya Pakistan. Pakistan inasema raia wake 31 waliuawa. Hakuna idadi iliyothibitishwa na mtu asiye wa pande hizo mbili." Safari hii sikupigiwa makofi. Kiranja wa zamu alinung'unika kwamba habari imekuwa ndefu na jua ni kali.

Yule mwenzangu aliningoja mlangoni mwa darasa. Aliniuliza kama gazeti lilitaja jina la hata mmoja kati ya wale 31. Nilimwambia halikutaja.