Kifaa Kidogo cha Kupima Pembe katika Upasuaji wa Nyonga

Katika upasuaji wa kubadilisha nyonga, kiungo kilichoharibika huondolewa na kuwekwa cha bandia: kikombe kinachopachikwa kwenye fupanyonga, na tufe lenye shina linaloingizwa katika mfupa wa paja. Kikombe kikielekezwa vibaya, tufe huweza kuchomoka na nyonga ikateguka, au sehemu za bandia zikasagika mapema.

Mwaka 1978, Lewinnek na wenzake nchini Marekani walipendekeza mwinamo wa digrii 40 na mwelekeo wa mbele wa digrii 15, kila kipimo kikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa digrii 10. Katika utafiti wao, nyonga zilizokuwa ndani ya mipaka hiyo ziliteguka kwa asilimia 1.5, zilizokuwa nje yake, kwa asilimia 6.1.

Kuipata pembe hiyo kwa macho ni kazi ngumu. Mara nyingi mgonjwa hulazwa ubavu na kufunikwa shuka, na mguu unapovutwa fupanyonga hugeuka bila kuonekana. Anayepima kwa kufuata meza ya upasuaji hukosea.

Kifaa cha kubebeka cha uelekezaji hutumia vihisi vidogo, mfano wa vile vinavyoiwezesha simu kutambua imegeuzwa upande gani. Hufungwa kwenye fupanyonga kwa pini. Mpasuaji hukionyesha alama maalumu za mifupa, kisha husoma digrii wakati kikombe kinapogongwa mahali pake. Baadhi ya vifaa hupima pia urefu wa mguu. Upande wa pili, muda wa upasuaji huongezeka kidogo, na pini huacha matundu madogo mfupani.

Hata hivyo, kifaa hupima tu, hakiamui. Alama zikionyeshwa kimakosa, hasa kwa mgonjwa mnene, namba itakayosomwa itakuwa ya uongo. Tena, nyonga nyingine huteguka ingawa pembe iko ndani ya mipaka, kwa kuwa fupanyonga hubadili mlalo mtu anaposimama na anapoketi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye mgongo mkakamavu, au aliyewahi kupasuliwa mgongo, amweleze daktari mapema ili pembe ichaguliwe kwa kuzingatia hali yake.

Baada ya upasuaji, maumivu ya ghafla, mguu kufupika au kupinda, na kushindwa kusimama ni dalili za kuteguka. Mgonjwa asikandwe wala kuvutwa mguu nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja.