Uamuzi wa soka huanzia miguuni: mwongozo kwa kijana wa Songambele

Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, haina uhaba wa timu. Senta ina timu, shule ina timu, bodaboda wana timu, na diwani akitangaza kombe la mbuzi jezi hupatikana ndani ya wiki. Anayetafutwa kwa tochi ni mtu wa kuchezesha. Filimbi huishia kwa mwalimu wa michezo au mchezaji mstaafu aliyebakiwa na goti bovu, na kufikia dakika ya sabini watazamaji wameshaingia uwanjani kubishana naye.

Kijana wa kata ya Songambele aliyemaliza kidato cha nne, anayeupenda mpira kuliko anavyouweza, anaweza kuliziba pengo hilo, na safari yake si lazima iishie hapo. Jonesia Rukyaa, mwamuzi kutoka mkoa huuhuu wa Kagera, alipewa mechi ya ligi ya Simba na Yanga Februari 2016, mechi ambayo marefa wengi wanaume huomba isiwaangukie. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, Salima Mukansanga, aliyesomea uuguzi na ukunga, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za wanaume: Zimbabwe na Guinea, Yaoundé, Januari 2022. Mwisho wa mwaka huo alikuwa Qatar, miongoni mwa waamuzi wa Kombe la Dunia.

Anzia ulipo. Mwombe mwalimu wa michezo akupe kibendera kwenye mechi za mchujo za mashindano ya shule, UMITASHUMTA au UMISSETA, au mechi za mazoezi za timu ya kata. Kisha nenda chama cha mpira wa miguu cha wilaya, ukaulize kozi ya awali ya waamuzi. Juu ya wilaya kuna KRFA, chama cha mkoa, na juu yake TFF, shirikisho la taifa. Waamuzi wenyewe wana chama chao, FRAT. Mwachie katibu wa chama cha wilaya jina na namba ya simu, halafu usione haya kumkumbusha. Kozi ikitangazwa, uliza ada ni kiasi gani, ni ya siku ngapi, na cheti kinatambuliwa na nani. Ukiambiwa TFF haihusiki, hela yako ibaki mfukoni.

Ngazi za ndani ni daraja la tatu, la pili na la kwanza, kisha beji ya FIFA. FIFA haimpi beji refa wa kati aliye chini ya miaka 25, wala msaidizi aliye chini ya 23, na humtaka awe amechezesha ligi ya juu ya nchi yake kwa miaka isiyopungua miwili. Mwenye miaka 18 leo ana muda, ila si wa kuchezea. Na asiache shamba la kahawa kwa kutegemea posho za mechi.

Sasa miguu. Maamuzi mengi mabovu kwenye viwanja vya vijijini hayatokani na kutojua sheria. Refa amesimama duara la kati, rafu imechezwa ukingoni mwa boksi, na kati yake na tukio kuna migongo mitano. Hapo haamui, anabahatisha. Kozini utafundishwa kukimbia mshazari, toka pembe moja ya uwanja kuelekea pembe ya pili, ili tukio libaki kati yako na msaidizi wako na kila mmoja alione kwa upande wake. Ndiyo maana kipimo cha mbio ni kikali. Mwanamume wa ngazi ya kimataifa hukimbia mita 40 mara sita, kila mara kwa sekunde zisizozidi 6. Halafu hukimbia mita 75 kwa sekunde 15, akatembea 25 kwa sekunde 18, na kurudia mpaka mara 40. Jumla ni kilomita nne. Wanawake huongezewa sekunde kidogo. Pima mita hizo kwa kamba kwenye uwanja wa shule, weka mawe, mwache rafiki ashike simu yenye saa. Anza na marudio kumi.

 

Sheria za soka ni 17, na kitabu chake hupakuliwa bure kutoka IFAB, bodi inayozitunga, kwa Kiingereza. Tumia toleo jipya, kwa kuwa mabadiliko huanza Julai kila mwaka. Tangu 2025, kwa mfano, kipa anayekaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane anawapa wapinzani kona. Soma zote, lakini ya 11, ya kuotea, irudie mpaka uiote. Ndiyo inayovunja mechi za mbuzi. Kwanza, hakuna kuotea mpira unapopokelewa moja kwa moja kutoka kwa mpira wa kurusha, kona au goli kiki, ingawa nimesikia filimbi ikipigwa kwa kurusha na uwanja mzima ukakubali. Pili, anayehesabiwa ni mpinzani wa pili kutoka mwisho, si beki wa mwisho. Kipa akitoka mbele na nyuma yake akabaki beki mmoja tu, mshambuliaji aliye mbele ya kipa na mbele ya mpira yuko eneo la kuotea hata kama beki yuko langoni. Tatu, mikono haihesabiki, hata ya kipa. Nne, kusimama eneo la kuotea si kosa; kosa ni kuingilia mchezo. Hivyo msaidizi asubiri aone nani anaucheza mpira kabla ya kuinua kibendera.

Ujue pia kupeta. Mshambuliaji amechezewa rafu lakini bado ana mpira na goli liko mbele: mwache aendelee, nyoosha mikono, kadi utaitoa mpira ukisimama. Ukishapiga filimbi umemnyang'anya nafasi yake.

Siku ya mechi fika mapema na kwa usafiri wako. Usipande gari la timu, usile wali wa kiongozi wa timu. Tikisa magoli, goli lisilofungwa vizuri huanguka na kuua mtoto. Beba filimbi mbili, saa mbili, sarafu, kadi, kalamu na daftari. Timu yenye wachezaji chini ya saba haichezi, mfadhili aseme anavyosema.

Taarifa ya mechi iandike usiku uleule: dakika, namba ya jezi, ulichokiona wewe. "Namba 6 alimpiga mpinzani teke la goti, dakika ya 58, mpira ukiwa mbali." Usiandike kwamba alikuwa na hasira au amelewa, maana hilo hukuliona, na kamati ya mashindano itakuuliza umelijuaje.