Yule "Mdudu" wa Jino Anakula Nini Hasa?

Semista iliyopita mwenzangu wa chumbani aliingia kwenye mtihani shavu limevimba. Usiku kucha hakulala. Kila aliyekuja kumpa pole alisema lilelile: "Jino limeingia mdudu." Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni. Je, yana ukweli?

Swali hili lilijibiwa maabara na Willoughby D. Miller, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1853, akawa profesa wa udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Berlin, Ujerumani. Mji huohuo alikuwepo Robert Koch, aliyekuwa akithibitisha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho huleta magonjwa. Miller akaupeleka utaalamu huo kinywani.

Majaribio yake hata wa mwaka wa kwanza anayaelewa. Alichukua meno yaliyong'olewa, akayaweka kwenye mate pamoja na mkate, katika joto kama la mwili. Meno yakaanza kulainika. Akajaribu mate na mafuta ya nyama: meno yakabaki vilevile. Akarudia mate na mkate, safari hii vikiwa vimechemshwa: meno hayakudhurika.

Sasa tuyasome matokeo. Mafuta hayakutosha, kwa hiyo lazima kuwe na wanga au sukari. Kuchemsha kulizuia uharibifu, kwa hiyo lazima kuwe na kitu hai. Bakteria hula sukari, hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya jino. Miller alichapisha hoja hii kitabuni, na toleo la Kiingereza likatoka mwaka 1890. Mwaka 1954 watafiti wa Marekani waliithibitisha kwa panya waliokuzwa bila kijidudu chochote: walilishwa sukari kwa wingi, na meno yao hayakuoza.

Kwa hiyo mdudu yupo, ila halitafuni jino. Anakunywa soda yako, kisha anachokitoa ndicho kinachotoboa.

Hapa ndipo linapotuhusu sisi wa hosteli. Kila ukipiga funda la soda au chai ya sukari, asidi hupanda, na mate huhitaji kama nusu saa au zaidi kuituliza. Soda moja ukiinywa pamoja na chakula, mate yanapata nafasi. Soda hiyohiyo ukiinywa kidogokidogo tangu lekcha ya saa nane hadi jioni, umewapa bakteria karamu ya mchana kutwa. Kiasi kina maana, lakini mara ngapi nako kuna maana kubwa.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala. Na tundu likionekana, liwahi lingali dogo. Mwenzangu alikuwa analiona lake tangu mwaka wa kwanza, akalituliza kwa vidonge vya maumivu. Bakteria wakapenya hadi ndani ya jino, usaha ukajikusanya, shavu likavimba. Vidonge vilizima maumivu tu, havikuwagusa bakteria.

Mtihani aliurudia. Jino lilishang'olewa.